Kati ya Mbwa na Mwenye Mbwa: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za toleo hili zinahofia manyoya na harufu ya mbwa. Manyoya tumeyagusa mwishoni na harufu tumeiacha, kwa sababu havina kosa kubwa. Wenye kesi ni mate yaliyoingia kidondani, kinyesi kilichoachwa uani na mapafu mabichi yanayotupwa siku ya kuchinja, kwa hiyo barua zilizogusa hayo ndizo tulizozipa nafasi kubwa. Majibu yametolewa na daktari wa mifugo na daktari wa binadamu wakiwa meza moja, maana nusu ya tiba ya magonjwa haya yanayopita kati ya mbwa na mtu iko kwa mbwa. Vipimo vya dawa tulivyovitaja ni vya kukusaidia kuuliza maswali ya maana ukifika kituoni. Usivitumie kujitibu.

Shikamooni madaktari. Mtoto wetu wa miaka sita amekwaruzwa mkononi na mbwa wetu mwenyewe wakicheza. Ngozi imechubuka, damu haikutoka. Mbwa alichanjwa mwaka juzi na anaonekana mzima. Jirani anasema tupake pilipili na mafuta ya taa, hospitali hakuna haja. Tufanyeje? (Mama wa watoto watatu, Kibaha)

Marahaba. Mpelekeni leo hii. Ila kabla ya kutafuta bodaboda, osheni mkono huo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni yoyote inafaa, ya kipande au ya unga. Wekeni saa mbele yenu, maana wengi huosha dakika mbili wakaamini zimetimia. Pasipo na bomba, mmoja amimine maji kwa kopo, mwingine asugue taratibu. Virusi vya kichaa cha mbwa vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua utando huo. Maji nayo huvisukuma nje kabla havijashika mishipa ya fahamu. Mkimaliza, pakeni iyodini au spiriti ikiwepo.

Pilipili, mafuta ya taa, majivu, chumvi na maji ya betri huunguza nyama na kuacha jeraha bovu kuliko la mwanzo. Jiwe la nyoka halinyonyi virusi. Na kama siku nyingine jeraha ni kubwa, msiharakishe kulishona: kushona mapema hufungia virusi ndani na kuvisogeza karibu na mishipa. Damu ikigoma kukata, daktari ataweka kwanza imunoglobulini (kingamwili za kudungwa kidondani), kisha atashona nyuzi chache zilizolegea.

Hospitalini majeraha haya hupangwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni kumgusa mbwa, kumlisha, au kulambwa kwenye ngozi isiyo na mchubuko. Hapo hakuna sindano. La pili ni kudonolewa na meno au kukwaruzwa bila damu. Hapo chanjo huanza mara moja. La tatu ni meno au kucha zilizotoboa ngozi, au mate yaliyoingia kwenye kidonda kibichi, machoni au mdomoni. Hapo chanjo huongezewa imunoglobulini. Mwanenu yuko daraja la pili, mradi mmemkagua vizuri kwenye mwanga. Watoto huficha jeraha wakihofia kipigo, basi mwangalieni hadi chini ya nywele.

Imunoglobulini ni kingamwili zilizokwisha tengenezwa. Hudungwa ndani na kandokando ya kidonda chenyewe, kiasi cha yuniti 20 kwa kila kilo ya uzito zikiwa za binadamu, au 40 zikiwa za farasi. Mwili ukipewa chanjo peke yake huhitaji siku 7 hadi 14 kutengeneza kingamwili zake, na pengo hilo ndilo linalozibwa. Siku 7 zikishapita tangu dozi ya kwanza ya chanjo, haziwekwi tena.

Ratiba ya chanjo inategemea namna ya kudunga. Kwa njia ya juujuu ya ngozi, mtoto hudungwa sehemu mbili, mililita 0.1 kila sehemu, siku ya 0, ya 3 na ya 7, basi. Kwa njia ya msuli ni dozi nzima siku ya 0, ya 3 na ya 7, kisha ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Njia ya ngozi hutumia dawa kidogo, na chupa ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa chache. Kwa hiyo kama mbwa mmoja amewang'ata watu wawili au watatu mtaani, nendeni pamoja siku moja, itawapunguzia gharama. Dozi ya mtoto ni sawa na ya mtu mzima. Hudungwa begani, au kwenye paja kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mtu akitaka kuidunga takoni, kataeni, kwa sababu mafuta ya pale huifanya isishike.

Sasa mbwa. Msimuue. Mfungeni mahali salama, apewe chakula na maji, na mumtazame siku 10. Mbwa mwenye kichaa hutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na akishazionyesha hakai muda mrefu akafa. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi mateni siku ile alipomkwaruza mtoto, na daktari anaweza kusimamisha chanjo zilizobaki. Lakini chanjo huanza siku ya kwanza. Kosa linaloua watoto ni kutazama kwanza, kuchanja baadaye. Mbwa akifa ndani ya siku hizo, au akilazimika kuuawa, asipigwe kichwani: ubongo ndio unaopimwa. Mwiteni afisa mifugo bila kumchuna wala kumzika.

Chanjo ya mwaka juzi haitoshi kuwatuliza. Tazameni kadi yake, maana chanjo nyingi za mbwa hurudiwa kila mwaka. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa akifika mwaka, kisha kila mwaka. Kwenye kampeni za wilaya hata watoto wachanga wa mbwa wachanjwe, kwa kuwa ndio wanaobebwa na watoto wa watu. Wilaya nyingi huchanja bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Tumeirefusha barua hii kwa makusudi. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa meno ya mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna tiba inayotegemeka. Kwa kawaida huanza miezi miwili au mitatu baada ya kung'atwa, ila zinaweza kuanza wiki moja tu baadaye au hata baada ya mwaka, na majeraha ya kichwa, shingo na mikono hukimbilia ubongo haraka zaidi. Aliyeng'atwa mwezi jana na hakwenda popote, aende leo. Na ugonjwa huu unakomeshwa: wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, huishiwa pa kwenda. Pemba ilifika huko mwaka 2014, ukarudi kinyemela mwaka 2016, ukaondolewa tena kufikia 2018 kwa chanjo ileile ya mbwa.

Mbwa wangu ameachama mdomo tangu jana, udenda unamtoka, hali chakula. Nadhani amekwamwa na mfupa. Nimeshauriwa niingize mkono niutoe. (Mfugaji, Machakos)

Usiingize. Watu wanamjua mbwa mwenye kichaa kwa ukali tu, anayekimbia akiuma kila kitu, lakini iko sura ya pili, ya kimya. Taya hulegea, kumeza hushindikana, sauti hubadilika, mbwa hujificha gizani. Akifanana hivyo na aliyekwamwa na mfupa, mwenye mbwa huingiza mkono, mate yakapata mchubuko wa kucha, naye hahesabu kama ameng'atwa. Mfungie mlango, watoto wasimkaribie, mpigie daktari wa mifugo. Kama mkono ulishaingia, soma jibu la Kibaha: mchubuko pamoja na mate ni daraja la tatu.

Mimi ni mlinzi wa ghala. Mbwa wa kazini ananilamba mikono kila jioni nikimpa chakula. Je, kuna hatari, na twahara yangu inakuwaje? (Msomaji, Tanga)

Mikono ikiwa mizima, hapana. Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Mikono ikiwa na michubuko ya kubeba mizigo, au kucha ulizotafuna, vaa glavu au mwekee chakula kwenye sahani bila kumpa mkononi. Mdai mwajiri kadi ya chanjo ya mbwa huyo; ni kifaa cha kazi sawa na tochi unayopewa. Habari ya twahara na kuosha mara saba mwulize shehe wako. Sisi tumejibu upande wa maradhi.

Sisi ni wafugaji wa mbuzi na kondoo. Tukichinja tunakuta mapafu na maini yenye malengelenge ya maji, tunawatupia mbwa kwa kuwa hatuli. Mzee mmoja wa boma letu amepasuliwa tumboni, daktari akasema uvimbe wake umetoka kwa mbwa. Inawezekanaje, wakati ugonjwa uko kwa mbuzi? (Kijana mfugaji, Kajiado)

Inawezekana, na swali lako limeshika sehemu ambayo wengi wanaikosa. Malengelenge yale ni vifuko vya watoto wa tegu mdogo aitwaye ekinokokasi. Mtu hapati ugonjwa kwa kula nyama ya mbuzi huyo, hata akimeza kifuko chenyewe. Lazima mduara upite kwa mbwa. Mbwa akila pafu bichi lenye kifuko, vichwa vidogo vya tegu vilivyomo hujishikiza kwenye utumbo wake na kukua. Tegu huyo hazidi milimita chache, kwa hiyo humwoni kinyesini. Mbwa anaweza kubeba maelfu yao na bado ananenepa. Baada ya kama wiki 6 au 7, mayai huanza kutoka na kinyesi. Yanashika kwenye manyoya, majani, maji ya kisima na mikono ya mtoto anayemkumbatia mbwa. Mbuzi akiyala na nyasi, vifuko humwota; mtu akiyameza, vifuko humwota vilevile, mara nyingi kwenye ini, kisha kwenye mapafu.

Kifuko hukua polepole, miaka mingi bila maumivu, mpaka kikabana kiungo au kikapasuka. Maji yake yakimwagika ndani ya mwili yanaweza kuleta mzio wa kuua, au kupanda vifuko vipya tumboni kote. Kwa sababu hiyo uvimbe wa tumbo katika jamii za wafugaji usichomwe sindano ovyo, wala usikandwe na mkunga au mganga, kabla haujatazamwa kwa ultrasaundi. Tiba hutegemea hatua ya kifuko. Vingine hutibiwa kwa albendazoli ya miezi kadhaa, ikinywewa na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe, vingine kwa kunyonywa maji chini ya ultrasaundi hospitalini, vingine kwa upasuaji. Vilivyokwisha kukauka vyenyewe huachwa, vikatazamwa tu mara kwa mara.

Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kuonekana na maambukizi mengi zaidi duniani. Mbwa walilala ndani na watu, na waliachwa kumlamba mtoto aliyejichafua palipokuwa na uhaba wa maji. Tangu mwaka 1983 shirika la afya la AMREF liliendesha huko mpango wa kuwapa mbwa dawa na kuwapima watu kwa ultrasaundi, kwa hiyo hili si jambo la vitabuni tu.

Kwenu anzeni na siku ya kuchinja. Mbwa wafungwe kabla kisu hakijatoka, kwa sababu wakiwa huru hakuna shimo litakalowahi. Mapafu na maini yenye vifuko ama yachomwe mpaka yawe majivu, ama yafukiwe mita moja chini na kuwekewa mawe juu. Mkitaka kuwapa mbwa, kateni vipande na mchemshe nusu saa kamili tangu maji yaanze kutokota. Kuyapitisha motoni hakutoshi, kwa kuwa katikati hubaki bichi.

Pili, dawa ya mbwa iwe na prazikuanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Kidonge cha miligramu 50 ni cha mbwa wa kilo 10, na mbwa wengi wa boma wana kilo 15 hadi 25. Kificheni ndani ya kipande cha nyama, kisha msubiri muone amemeza, maana hodari wa kutema ni mbwa. Pale ugonjwa ulipokita, dawa hii hurudiwa kila wiki 6, mapema kuliko tegu apate kutaga. Isomeni pakiti: dawa nyingi za minyoo ya mbwa madukani hazina prazikuanteli, nazo hazimgusi tegu huyu. Na ile dawa ya mbuzi ya kunyweshwa yenye levamisoli isipewe mbwa, kwa kuwa kiasi kinachomtibu na kinachomuua vinakaribiana.

Kitu kimoja husahaulika. Prazikuanteli huua tegu, haiui mayai. Siku mbili tatu baada ya dawa, kinyesi cha mbwa huwa kimejaa mayai hai. Mfungeni mahali pamoja, mkizoe kinyesi chote mkichome au mkifukie. Jiki na dawa nyingine za kuua vijidudu haziyafanyi mayai haya kitu. Huuawa na moto, maji yanayochemka na ukavu wa jua kali.

Tunaishi karibu na ufukwe. Binti yangu ana mstari mwekundu chini ya unyayo, unawasha usiku, na kila siku umesogea. Duka la dawa wamenipa krimu ya choa, haisaidii. (Baba, Kigamboni)

Ukiona mstari unaotambaa, huyo ni lava, yaani mtoto, wa minyoo ya safura ya mbwa au paka. Mbwa hunya mchangani, mayai huanguliwa kwenye unyevu na kivuli, na lava hutoboa ngozi ya anayepita pekupeku au kukaa. Katika mwili wa binadamu amepotea njia. Hawezi kufika utumboni, basi anazunguka chini ya ngozi, milimita kadhaa hadi sentimita moja au mbili kwa siku. Angekufa mwenyewe baada ya wiki kadhaa, ila kujikuna huleta usaha. Msimchimbe kwa sindano, wala kumgandisha kwa barafu. Alipo huwa ametangulia mbele ya mwisho wa mstari mnaouona. Daktari anaweza kumpa albendazoli kwa siku 3, au ivermektini dozi moja ya mikrogramu 200 kwa kilo, ambayo hawapewi watoto walio chini ya kilo 15. Mtoto mdogo sana hupakwa albendazoli iliyochanganywa kwenye mafuta na mfamasia.

Mbwa wenu je? Safura hunyonya damu, na huua watoto wa mbwa mapema. Ufizi uliopauka ni dalili. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na baadaye kila miezi mitatu. Mama yao apewe siku zilezile anaponyonyesha. Ratiba inaanza mapema hivyo kwa sababu minyoo mirefu ya mviringo huwaingia wakiwa bado tumboni mwa mama. Mayai yake yakikaa udongoni wiki mbili au zaidi huwa tayari kuambukiza, hudumu miaka, na yakimezwa na mtoto anayechezea udongo, lava wanaweza kufika kwenye ini au jichoni. Kuzoa kinyesi kila siku kunashinda dawa zote hapa, maana kinyesi cha leo bado hakijaiva.

Mbwa wetu amenyonyoka nywele kwa mabaka. Watoto wawili wana mapunye kichwani, na mimi nina vipele vinavyowasha kiunoni na mikononi. Ni ugonjwa mmoja? (Msomaji, Nyeri)

Huenda ni miwili. Mabaka ya duara yenye magamba kwa mbwa na mapunye kwa watoto yanaelekea kuwa choa, ambayo ni fangasi. Vipele vyako kiunoni na mikononi, pale mbwa anapokuegemea, vinafanana na ukurutu wa mbwa. Daktari wa mifugo akikwangua ngozi ya mbwa na kutazama kwa hadubini ataona wadudu wa ukurutu, ingawa mara nyingi hujificha, kwa hiyo jibu la "hakuna" lisiwafanye muache kutibu. Ukingo wa sikio la mbwa ukiusugua kwa vidole, naye akaanza kupiga teke hewani kama anayejikuna, shuku ukurutu.

Ukurutu wa mbwa hauwezi kujenga maisha kwenye ngozi ya mtu. Mbwa akitibiwa, wewe hupoa ndani ya wiki chache. Lakini kama kuwasha kuko katikati ya vidole, na kunahama kutoka kwa mtu hadi mtu nyumbani, huo ni upele wa binadamu wenyewe. Nyote mpakwe BBE au dawa nyingine ya upele kwa wakati mmoja, na nguo zifuliwe kwa maji moto. Mbwa asipakwe oili chafu ya gari. Humuunguza ngozi, na akijilamba humharibu ini na figo. Ivermektini ya ng'ombe nayo ni kali mno kukisiwa kwa jicho: tone lililozidi humpofusha au humuua mbwa mdogo, na mbwa wa ukoo wa Collie huzidiwa hata kwa kiasi ambacho wengine hukivumilia.

Choa ya ngozi hupona kwa klotrimazoli mara mbili kwa siku, ikiendelezwa wiki moja zaidi baada ya duara kutoweka. Mapunye hayaponi kwa krimu, maana fangasi iko ndani ya shina la nywele. Watoto wanahitaji vidonge vya griseofulvini wiki 6 hadi 8, vinywewe na chakula chenye mafuta. Jihadharini na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Kuwasha hukoma siku ya pili, mnafurahi, na fangasi inaenea chini kwa chini. Vitana, kofia na matandiko ya mbwa vichomwe au vifuliwe kwa maji ya moto. Mbegu za fangasi hudumu miezi mingi.

Mbwa ametapika siku tatu, macho yamekuwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Tunalima mpunga na panya ni wengi. Tuogope nini? (Mkulima, Morogoro)

Ogopeni homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi kwenye maji na tope, na huingia kwa mtu kupitia michubuko au macho. Mbwa wenu huenda aliupata kwa panya, na sasa mkojo wake ni hatari kwenu. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo leo. Anayemhudumia avae glavu na viatu vya mpira, amwage jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa tisa, pale alipokojoa, na asimwoshe kwa mpira wa maji wenye kasi, kwa kuwa matone hurukia usoni. Jua na ukavu ni marafiki, maana bakteria hawa hawavumilii kukauka. Mbwa akipona bado anaweza kuendelea kuwatoa kwenye mkojo kwa wiki au miezi, mpaka apewe doksisaikilini ya kusafisha figo, kwa kawaida wiki 2.

Kwa watu, dalili huanza siku 2 hadi 14, pengine hata mwezi baadaye: homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, maumivu makali ya misuli ya nyuma ya miguu. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, mwambieni tabibu habari ya mbwa na mpunga; asipoambiwa hatawaza. Mgonjwa mzima asiyezidiwa hupewa doksisaikilini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mjamzito na mtoto mdogo hupewa amoksilini. Mkojo ukipungua au macho yakiwa manjano, ni kulazwa. Mbwa ana chanjo ya kila mwaka, sindano mbili za mwanzo zikipishana wiki 2 hadi 4, ila haikingi aina zote za bakteria. Na msiache chakula cha mbwa sahanini usiku kucha. Panya hujia hicho.

Funza wameisumbua familia, na nimewaona kwenye nyayo za mbwa pia. Nimtoe mbwa? (Bibi, Kilifi)

Hapana, bibi, mtibuni. Funza huingia ngozini mwa watu, mbwa na nguruwe, hivyo mkiwatibu watoto na kumwacha mbwa wanarudi, na mkimfukuza mbwa watabaki mchangani ndani ya nyumba. Mnyunyizieni maji sakafu ya udongo kila siku na kuifagia ikiwa na unyevu, na daktari wa mifugo amwekee mbwa dawa ya viroboto inayokaa mwezi. Watoto watibiwe kwa dimetikoni inayomziba funza pumzi, au waloweke miguu dakika 15 kwenye maji ya pamanganeti yaliyopunguzwa mpaka rangi ya waridi. Pini au mwiba mmoja usipite kwa watu wawili; homa ya ini na VVU vinaweza kupita hapo, na pepopunda huingia kwenye kila tundu linaloachwa.

Majibu ya haraka

*Nina VVU, niache kufuga?* Huna haja ukiwa unatumia dawa vizuri. Usichukue mbwa anayeharisha wala mtoto wa mbwa wa barabarani kabla hajapimwa, na mtu mwingine azoe kinyesi.

*Mwanangu ana seli mundu.* Mjulisheni daktari kwamba mnafuga. Bandama la wagonjwa hawa huacha kufanya kazi mapema, na bakteria mmoja wa kawaida kinywani mwa mbwa huweza kuwaletea sumu ya damu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto huyu aking'atwa, hata kidogo, apewe antibayotiki siku hiyohiyo, mbali na chanjo ya kichaa.

*Mke wangu ni mjamzito, naambiwa mbwa huharibu mimba.* Kimelea kinachosemwa kuharibu mimba, toksoplasma, hukomaa ndani ya paka. Mbwa hawatoi mayai yake kinyesini.

*Nimeona punje kama za mchele kwenye nepi ya mtoto.* Ni vipande vya tegu wa viroboto. Mtoto amemeza kiroboto. Prazikuanteli dozi moja humtoa. Mbwa naye apewe, na viroboto wauawe, la sivyo mtarudi palepale.

*Parvo imeua watoto wa mbwa wangu wote, itaambukiza wanangu?* Kuhara huku kwa mbwa hakumpati binadamu. Ila virusi vyake hudumu uani kwa mwaka au zaidi, msilete mtoto wa mbwa asiyekamilisha chanjo.

*Je, mimi naweza kumwambukiza mbwa?* Ndiyo. Kifua kikuu cha binadamu kimewahi kuonekana kwa mbwa wanaolala na mgonjwa anayekohoa, na bakteria sugu wa vidonda hupita kutoka kwa mtu. Ukiwa kwenye miezi ya mwanzo ya dawa za TB, alale nje ya chumba chako.

*Manyoya ya mbwa yakimezwa yanaleta TB?* Hayaleti. Kwa mwenye pumu, vumbi la ngozi na mate yaliyokaukia kwenye manyoya huweza kumbana kifua. Mbwa asiingie chumba cha kulala, na anayemchana achane nje, akiupa upepo mgongo.